Nafuu ya Nyumba Imo Katika Maandishi



Jinja si Kampala, wala si kijiji. Ni mji wa kadiri, uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020 pamoja na Mbarara, Gulu, Mbale, Masaka, Arua na Fort Portal. Kila muhula unapoanza, na kila kiwanda kinapoajiri, mji huu hupokea watu wapya: mwalimu aliyehamishwa kutoka Kamuli, muuguzi aliyepata kazi hospitalini, kijana wa kiwandani, mama aliyefungua kibanda cha mboga sokoni. Wote huja na swali moja midomoni: "Nyumba ya bei nafuu nitaipata wapi?"

Swali hilo ni la haki, lakini limekatwa nusu. Nusu yake nyingine ni hii: "Na bei hiyo itadumu hadi lini, na nitaithibitishaje?" Chumba ulichotajiwa kwa shilingi 120,000 mwezi wa Februari si chumba cha shilingi 120,000 iwapo mwezi wa Juni utaambiwa ulipe 180,000 au uondoke. Ninachotaka tukitafakari pamoja leo ni kwamba nafuu ya nyumba haipimwi kwa bei inayotajwa mlangoni. Hupimwa kwa uhakika wa bei hiyo kesho na keshokutwa, na uhakika huo haupatikani pasipo maandishi. Wahenga walikwisha kutuusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mpangaji, mali hiyo ni paa lililo juu ya kichwa chake.

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu maneno mawili. Katika makala haya, *pango* ni malipo anayotoa mpangaji kwa mwenye nyumba, na *kodi* ni kile kinachokwenda serikalini. Wengi wetu huyachanganya, na tutaona baadaye kwamba mkanganyiko huo una gharama yake. Lipo pia neno *muzigo*, ambalo katika miji yetu ni kile chumba kimoja, au chumba na sebule ndogo, katika safu ya vyumba vinavyofanana, choo na bomba vikiwa vya wote. Wingi wake ni *mizigo*. Mwanafunzi wa Kiswahili akilisikia kwa mara ya kwanza hucheka, kwa kuwa yeye amefundishwa kwamba mzigo ni kitu cha kubebwa. Akikaa miezi michache mjini huacha kucheka.

Hesabu hutangulia miguu

Watafutaji wengi huanza kwa kutembea. Nakushauri uanze kwa kuhesabu.

Chukua mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, ambao ni takriban shilingi 500,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kanuni inayotajwa mara nyingi ni kwamba pango lisizidi theluthi moja ya kipato. Kwa mwalimu huyu, basi, mpaka ni kama shilingi 150,000. Lakini nyumba haina gharama ya pango peke yake. Tufanye mfano. Umeonyeshwa chumba cha shilingi 120,000 Bugembe, na kingine cha shilingi 180,000 Mpumudde, mahali unapoweza kwenda kazini kwa miguu. Cha kwanza kinaonekana nafuu kwa shilingi 60,000. Ikiwa kutoka Bugembe utalipa bodaboda shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, kwa siku 24 za kazi umetumia 96,000. Chumba cha 120,000 kimekuwa cha 216,000. Mwenye baiskeli, au anayefanya kazi huko huko Bugembe, atapata jibu tofauti, na ndiyo maana hesabu hii hakuna awezaye kukufanyia ila wewe mwenyewe.

Ongeza na mengine. Je, umeme una mita ya chumba chako, au mita moja inahudumia vyumba vyote na kila mwezi mnagombania nani alipika kwa jiko la umeme? Je, maji ni ya bomba ndani ya uzio, au utayanunua kwa jerikeni? Choo kinatumiwa na familia ngapi, na hunyonywa na nani kikijaa? Nenda ukakitazame chumba baada ya mvua kubwa. Ukuta wenye mstari wa unyevu usawa wa goti hukueleza mambo ambayo dalali hatakueleza.

Halafu kuna siku ya kuingia. Desturi iliyozoeleka ni pango la miezi kadhaa kwa pamoja, pamoja na ujira wa dalali ambao mara nyingi ni sawa na pango la mwezi mmoja, mbali na kile kidogo anachodai kwa kukuzungusha tu. Kwa chumba cha shilingi 150,000, miezi mitatu na ujira wa dalali ni shilingi 600,000. Mwalimu wetu hana fedha hizo. Atakopa, na riba ya mkopo ule nayo ni sehemu ya pango lake, ingawa mwenye nyumba haioni.

Simtukani dalali. Mji usio na orodha ya wazi ya vyumba vilivyo wazi lazima uzae mtu wa kuuza habari. Lakini zipo njia nyingine za kupata habari hiyo hiyo: ofisi ya mwenyekiti wa LC1, walimu wenzako, kijiwe cha bodaboda, msikiti, kanisa, na muuza duka wa mtaa ambaye hujua nani anahama kabla hata mwenye nyumba hajajua. Ukilazimika kumtumia dalali, usimlipe ujira kabla hujaonana uso kwa uso na mwenye nyumba, na kabla jirani mmoja hajakuthibitishia kwamba huyo ndiye anayepokea pango la nyumba ile. Dalali kupokea pango la chumba kisicho chake na kutoweka si jambo la hadithi.

Asilimia kumi ya kitu gani?

Sasa tuje kwenye sheria. Uganda ina Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022. Raia wengi wamesikia jina lake, wachache wameisoma, na kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza, wale inaowagusa zaidi ndio walio mbali nayo zaidi. Yafuatayo ni machache ya kuyajua.

Pango hutajwa na kulipwa kwa shilingi ya Uganda, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Mwenye nyumba hapaswi kupangisha nyumba isiyofaa kukaliwa na binadamu. Hawezi kukutoa kwa nguvu, kung'oa mlango au kutupa vyombo vyako nje bila amri ya mahakama. Akifanya hivyo, yeye ndiye mkosaji. Na pango haliwezi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, au kiwango kingine ambacho Waziri anaweza kukiweka.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachopendwa zaidi na wapangaji, na ndicho wanachokitumia kwa makosa zaidi. Chumba cha shilingi 150,000 hakiwezi kupita 165,000 mwaka unaofuata. Vema. Lakini nani atathibitisha kwamba kilikuwa cha 150,000? Ukisimama mbele ya msuluhishi bila risiti, bila mkataba, bila ujumbe wa simu, mwenye nyumba atasema tangu mwanzo bei ilikuwa 200,000 na alikuwa anakuonea huruma tu. Kila mmoja ana neno lake. Asilimia 10 ni hesabu yenye namba mbili. Ile ya kwanza isipoandikwa, ya pili haina maana. Kwa hiyo, raia asiye na maandishi hana ulinzi wa asilimia 10, hata kama sheria imempa.

Hapa ndipo sheria yenyewe ina tundu ambalo naona Bunge linapaswa kuliziba. Inaruhusu mkataba wa mdomo, na inalazimisha maandishi, au ujumbe wa kielektroniki, pale tu thamani ya mkataba inapofikia sarafu za kisheria 25, yaani shilingi 500,000. Mwenye duka la barabara kuu na mpangaji wa jumba la Nalufenya wamelindwa. Mama wa muzigo anayelipa shilingi 80,000 mwezi hadi mwezi anaachwa na neno la mdomo. Aliye dhaifu zaidi ndiye aliyesamehewa karatasi, na msamaha huo ni kwa faida ya mwingine.

Tusidhani shida hii ni yetu peke yetu. Jirani zetu wa Kenya wana baraza maalumu la kusikiliza migogoro ya pango la nyumba za kuishi, lakini sheria yake inahusu nyumba ambazo pango lake halizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa zama zilizopita, na leo mijini ni vyumba vichache mno vinavyoingia humo. Tanzania iliifuta sheria yake ya kudhibiti pango mwaka 2005, na desturi ya kudai pango la miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo imeota mizizi katika miji yake. Namba inayoandikwa ndani ya sheria huzeeka. Wajibu wa kuandika risiti hauzeeki. Kama ningeulizwa kipi kati ya hivyo viwili kiwekwe kwanza, ningechagua risiti.

Kwa nini mwenye nyumba anaogopa kalamu

Tumtendee haki mwenye nyumba naye. Wengi wa wenye mizigo mjini Jinja si matajiri. Ni mwalimu mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake chote kwenye vyumba sita. Ni mjane anayesomesha watoto kwa vyumba viwili. Saruji na mabati amenunua kwa bei ya dukani, pengine kwa mkopo wa riba kubwa, na amewahi kumpata mpangaji aliyehama usiku na deni la miezi mitatu. Anapokataa kuandika, mara nyingi anaogopa vitu viwili: mpangaji atakayemshtaki, na mamlaka ya mapato.

Hofu ya pili inastahili kuangaliwa kwa hesabu. Tangu Julai 2022, mtu binafsi anayepangisha nyumba hutozwa kodi ya asilimia 12 kwa kiasi cha mapato ya pango kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Mjane wetu mwenye vyumba viwili vya shilingi 100,000 hupata 2,400,000 kwa mwaka. Hadaiwi hata shilingi moja. Mwenye vyumba kumi vya bei hiyo hupata 12,000,000. Toa 2,820,000, zinabaki 9,180,000, na asilimia 12 yake ni 1,101,600. Gawanya kwa miezi 12, unapata shilingi 91,800 kwa mwezi.

Bwana mwenye vyumba kumi, hiyo ni pungufu ya pango la chumba kimoja. Ni kweli kwamba mtu binafsi haruhusiwi kutoa gharama za ukarabati kabla ya kukokotoa kodi hiyo, na ukitaka kuipinga kanuni hiyo, nenda kwa mbunge wako nami nitakuunga mkono. Lakini usimlipishe mpangaji wako gharama ya hofu yako. Karatasi unayoikimbia ndiyo ambayo ingekusaidia kumdai yule aliyehama usiku. Asiye na mkataba hana deni la kudai. Ana malalamiko tu.

Hapa ndipo mkanganyiko wa pango na kodi unapotugharimu. Mpangaji akisikia "kodi imepanda" hudhani serikali imepandisha pango lake, akakubali bila kuuliza. Muulize mwenye nyumba kwa adabu: imepanda kodi ipi, kwa kiasi gani, tangu lini? Kodi ya mapato humhusu yeye, na haimpi ruhusa ya kuvuka asilimia 10.

Karatasi moja yatosha

Utaniambia: "Mwalimu, nikidai mkataba atampa chumba mtu mwingine." Nakubali kwamba hatari hiyo ipo. Vyumba ni vichache, watafutaji ni wengi, na mwenye kuhitaji hana sauti kubwa. Ndiyo maana sikushauri uanze kwa kutishia kwa sheria. Anza kwa kuomba kumbukumbu, kama mtu anayejali mali ya mwenzake: "Mzee, tuandike ili mimi nisisahau tarehe ya kukulipa." Watu wachache hulikataa ombi la namna hiyo.

Naye akikataa bado, lipa kwa simu. Tuma pango kwa namba yake iliyosajiliwa kwa jina lake, kisha mwandikie ujumbe mfupi: "Nimekutumia shilingi 120,000, pango la chumba namba 4, mwezi wa Machi." Akijibu "nimeipata", tayari mna maandishi. Akikaa kimya, kumbukumbu ya muamala bado ipo. Ujumbe huo uhifadhi mahali pengine pia, maana simu huibiwa. Ukilazimika kulipa taslimu, nunua daftari dogo, andika tarehe na kiasi, umwombe atie sahihi. Daftari la shilingi chache limeokoa nyumba za watu.

Akikubali kuandika, hamhitaji wakili kwa chumba kimoja. Yanatosha maneno kama haya, katika nakala mbili:

*Leo, tarehe …, mimi …, mwenye kitambulisho cha taifa namba …, nimempangisha …, mwenye kitambulisho namba …, chumba namba … kilichopo mtaa wa …, Jinja. Pango ni shilingi … kwa mwezi, nalo litalipwa kabla ya tarehe … ya kila mwezi. Nimepokea shilingi … ikiwa ni pango la miezi …, na shilingi … ikiwa ni amana, ambayo nitairudisha mpangaji atakapoondoka, baada ya kutoa gharama ya alichoharibu. Umeme utalipwa hivi: …. Maji na usafi wa choo vitalipwa hivi: …. Hali ya mlango, dirisha, paa na kufuli leo ni hii: …. Anayetaka kuvunja makubaliano haya atampa mwenzake taarifa ya maandishi ya siku …. Sahihi za pande mbili, na ya shahidi.*

Mfano huu una mambo mawili ya kuyazingatia. La kwanza ni hali ya chumba. Ugomvi mwingi wa amana huzuka siku ya kuhama, juu ya dirisha ambalo hakuna akumbukaye lilivunjika lini. La pili ni lugha. Andikeni kwa lugha ambayo nyote wawili mnaisoma, iwe Kisoga, Kiganda au Kiswahili. Kiswahili kiliingizwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na lugha haiwi rasmi kwa kuimbwa kwenye sherehe. Huwa rasmi siku raia anapoitumia kulinda haki yake. Usitie sahihi kwenye ukurasa wa Kiingereza usioufahamu kwa sababu tu unaona haya kuuliza.

Shahidi awe mtu wa mtaa, ikiwezekana mjumbe wa kamati ya LC1. Utamhitaji kwa barua ya utambulisho hata hivyo, na migogoro midogo ya madeni na mikataba inaweza kusikilizwa na mahakama ya baraza la mtaa, bila safari ndefu wala gharama za wakili. Mkataba uliotiwa sahihi mbele ya watu wa mtaa hupunguza hata hamu ya kugombana.

Neno moja zaidi juu ya haki. Wapo wanaofukuzwa kabla hata ya kuulizwa kama wanazo fedha: "Sipangishi mwanamke asiye na mume." "Kabila lile sitaki kwenye uzio wangu." Ibara ya 21 ya Katiba yetu inatangaza usawa wa watu wote mbele ya sheria na kukataza ubaguzi wa jinsia, kabila na dini. Mimi na wewe, tunaponyamaza jirani anaponyimwa chumba kwa jina lake la ukoo, tunakuwa mashahidi wa upande wa pili.

Karatasi haijengi nyumba

Nisipotoshe, hata hivyo. Mikataba mema elfu moja haiongezi chumba hata kimoja. Mpangaji anadhulumika kwa urahisi kwa sababu vyumba vyenye staha ni vichache kuliko watu, na hilo si tatizo ambalo mtu mmoja mmoja anaweza kulitatua kwa adabu na daftari. Ni kazi ya umma, na Jinja inalijua hilo kuliko miji mingi.

Pita Walukuba utazame. Mtaa ule ulijengwa na mamlaka za umma mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, wakati Jinja ilipokuwa inageuzwa kuwa mji wa viwanda kando ya bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954. Viwanda vilihitaji wafanyakazi, na wafanyakazi walihitaji nyumba. Tusiupambe ukoloni: nyumba zile zilikuwa ndogo, na lengo lake mojawapo lilikuwa kumweka Mwafrika mahali pa kuangaliwa. Lakini ndani ya ubaya ule mlikuwa na hesabu moja sahihi, kwamba mwenye kuuita umma mjini kufanya kazi ana wajibu wa kujua umma huo utalala wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, jirani na hapo Masese, kina mama wa kipato cha chini, kwa msaada wa Denmark, walijifunza kutengeneza vifaa vya ujenzi na kujenga nyumba zao wenyewe. Wakoloni walijenga kwa amri. Kina mama wale walijenga kwa ushirika. Njia zote mbili zinathibitisha kwamba nyumba za watu wa kawaida hujengwa pale mtu fulani anapoamua kwamba ni jukumu lake.

Leo tumeuachia mwenye kiwanja jukumu hilo lote, kisha tunamlaumu kwa kujenga mizigo. Malengo ya Taifa yaliyo mwanzoni mwa Katiba ya 1995 yanataja makazi yenye staha miongoni mwa mambo ambayo dola inapaswa kuhakikisha Waganda wote wanayafikia. Sisemi halmashauri ya jiji ijenge nyumba kwa kila mtu; najua hazina yake ilivyo. Nasema yapo mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wake. Ifikishe mabomba na barabara za kupitika katika maeneo ya Mafubira, Wanyange na Bugembe, ili wanaokaa huko wasilipe kwa bodaboda na jerikeni kile walichookoa kwenye pango. Ichapishe michoro ya nyumba ndogo imara iliyokwisha kuidhinishwa, ili mwenye vyumba sita asijenge kwa kubahatisha. Isambaze katika kila ofisi ya LC1 fomu ya mkataba ya ukurasa mmoja kwa Kisoga, Kiganda na Kiswahili. Na ibandike pale pale, mahali pa wazi, vifungu vikuu vya sheria ya 2022. Mawili ya mwisho hayana gharama kubwa kuliko karatasi na wino.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mgombea atakapokuja mtaani kwako kuomba kura, usimuulize tu kuhusu hospitali na shule. Muulize mpangaji wa muzigo ana nafasi gani katika mpango wake wa jiji. Akikujibu kwa ahadi ya jumla, muulize juu ya fomu ile ya ukurasa mmoja. Asiyeweza kuahidi karatasi hawezi kuahidi nyumba.

Nawe kabla ya siku hiyo, una la kufanya mwezi huu. Ukiwa mpangaji, tafuta risiti yako ya mwisho. Kama huna, malipo yajayo yafanye kwa namna itakayoacha alama. Ukiwa mwenye nyumba, andika majina ya wapangaji wako, pango la kila mmoja na tarehe aliyoingia, uwape kila mmoja nakala yake iliyotiwa sahihi. Na ukiwa umekwisha kujenga kwako na haya hayakuhusu tena, muulize yule kijana anayekuuzia maziwa asubuhi kama anajua kwamba chumba chake hakiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kisha muulize kama ana ushahidi wa anacholipa sasa.